Mchezo wa Mikono



Tangu mabinti wetu waliporudi kutoka Kasese, wazazi wa Butembo na wa Beni wananiuliza swali moja: kuna faida gani kuwavusha watoto mpaka wa nchi, katika njia kama ile, kwa ajili ya mpira? Swali ni la haki, na wengi wanaoliuliza waijua njia ile kuliko mimi. Sitalijibu kwa hotuba. Nitawaeleza Jumamosi yenyewe ilivyokuwa, asubuhi hata jioni, nanyi mtapima.

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe, maana baba mmoja alinisifia mabinti kwa mabao waliyotia kikapuni. La, huo ni mwingine. Mpira wa wavu ulianzishwa mwaka wa 1895 katika mji wa Holyoke, nchini Marekani, na William Morgan, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Chama cha Vijana Wakristo. Alikuwa akiwafundisha wafanyabiashara wenye umri wa makamo, ambao mpira wa kikapu uliwachosha na kuwaumiza. Basi akatwaa wavu, akautundika juu ya vichwa vyao, akaziweka timu mbili huku na huku. Tangu hapo watu hushindana kwa nguvu zao zote wala hawagusani.

Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Wavu wa wanawake ncha yake ya juu iko mita 2.24 toka chini, na wa wanaume mita 2.43. Kila upande wapo sita. Timu yaweza kuugusa mpira mara tatu, kisha sharti uvuke. Mtu mmoja hawezi kuugusa mara mbili mfululizo, wala hakuna aliye na ruhusa ya kuukamata. Ukiushika hata kitambo kidogo, filimbi yalia. Hata mchezaji hodari kupita wote hawezi kuuchukua mpira akaenda nao peke yake, jinsi tuonavyo katika kandanda, ambapo kijana mmoja hujisifu akasahau wenzake kumi. Baba zetu waliocheza zamani shuleni watakumbuka kwamba alama ilipatikana na timu iliyoanzisha mpira tu, hata kufika 15. Sasa sivyo; tangu mwaka wa 1999 kila mpira una alama yake, na seti huisha kwa 25, ikiwa mshindi ametangulia kwa mbili. Seti ya mwisho, ya kukata shauri, ndiyo iliyobaki na 15.

Ni mchezo wa mikono, basi. Nami nataka mfikiri kidogo habari ya mikono ya watoto hawa.

Mabinti tuliokwenda nao wana miaka kumi na sita na kumi na saba. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kutoka Mangina karibu na Beni, walikuwa wadogo wa shule ya msingi. Kwa karibu miaka miwili, hata ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, waliambiwa kila siku: usimpe mtu mkono. Penye mlango wa shule, wa kanisa na wa soko palikuwa na ndoo yenye bomba na maji ya klorini, na mtu mwenye kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Tuliamkiana kwa viwiko. Waliougua walihesabiwa 3,470, na katika hao wakafa 2,287. Wakazikwa na watu waliojifunika mwili mzima, na mama hakuweza kumshika mwanawe mkono mara ya mwisho. Mwaka wa 2021 ugonjwa ukarudi mara mbili, kwanza upande wa Butembo, halafu Beni.

Wala haukuua miili peke yake. Mnakumbuka tulivyotiliana mashaka: hawa wakisema ugonjwa ni biashara ya wakubwa, wale wakisema wenzao ni wajinga. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili tabibu aliyetoka Kameruni kutusaidia aliuawa mjini Butembo. Uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa kwetu hata Machi 2019, nchi nzima ikiwa imekwisha kupata rais. Mtoto wa miaka kumi hasomi magazeti, lakini husikia yote yasemwayo mezani.

Mama mwalimu anayewafundisha mchezo huu aliniambia kwamba alipoanza, baadhi yao walikuwa wakiupangusa mpira kwa nguo kila ulipotoka katika mikono ya mwenzao. Hakuwakaripia. Aliwaacha wapanguse hata walipochoka wenyewe, na kazi hiyo ilichukua karibu mwaka.

Tena timu ina pande mbili. Nusu ni wenyeji wa Butembo. Wengine ni watoto wa jamaa waliokimbia Oicha, Mbau na Eringeti kwa sababu ya mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika wilaya ya Beni. Huitwa wakimbizi, ingawa hawakuvuka mpaka wowote, na jina hilo huwachoma. Nahodha ni mmoja wa hao. Yeye ndiye ainuaye mpira ili wenzake waupige, kazi isiyoshangiliwa sana na watazamaji, lakini pasipo yeye mchezo hauendi.

Tuliondoka na mabinti kumi na mmoja badala ya kumi na wawili. Wa kumi na mbili, mrefu kuliko wote, alizuiliwa na baba yake. Nilikwenda kumwona dukani. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema, "Mwalimu, mdogo wangu aliuawa katika njia ya Mbau. Utaniambia neno gani?" Sikuwa na neno. Nikanywa chai, nikaaga. Wako wanaosema kwamba wazazi wa namna hii wanawanyima watoto wao maendeleo. Mimi siwezi kusema hivyo juu ya mtu aliyemzika ndugu yake.

Njia hatukuiona nzuri wala mbaya kuliko siku nyingine. Kutoka Butembo hata Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hata Kasindi ni kama 80. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana Mpondwe kuzindua kazi ya kuitengeneza, na pale ilipotengenezwa mtu hupita upesi, jambo ambalo ndilo ulinzi wa kwanza. Baada ya Beni magari yalikwenda kwa msafara, askari wakisindikiza, na mabinti wakaacha kuimba pasipo kuambiwa. Tulipita Kasindi, ambapo tarehe 15 Januari 2023 bomu liliua watu zaidi ya kumi kanisani. Tukavuka mto Lubiriha. Ng'ambo yake ni Mpondwe. Huko, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji waliingia katika shule ya sekondari wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Mabinti waliuliza shule ile iko wapi. Mtu wa mpakani akaonyesha kwa kidole, nao wakatazama kimya.

Jumamosi waliamka mapema, wakashangaa kitu nisichokitarajia. Kwa mtu wa Beni, milima ya Ruwenzori iko upande wa macheo. Jua hutokea nyuma yake. Kasese iko ng'ambo ya pili, na asubuhi ile milima ilikuwa upande wa magharibi, imeangazwa yote kwa jua la mbele. "Mwalimu, wameugeuza mlima!" akasema mmoja. Nikawaambia kwamba ncha yake ya juu, Margherita, yenye mita 5,109, iko penye mpaka wenyewe, na kwamba nchi zote mbili zinaigawana. Hawakujali mita. Walijali kuona kwamba kitu walichokijua tangu utoto kina mgongo.

Shida ya kwanza ilikuwa ya karani wa mchezo. Alipokuwa akiandika majina ya timu yetu na ya wenyeji wa Kasese, alisimama akacheka. Ninyi mnajua desturi yetu sisi Banande ya kumwita mtoto kwa zamu ya kuzaliwa kwake. Bakonzo wa Uganda ni ndugu zetu wa lugha moja, na majina yao ndiyo yale yale yaliyogeuzwa kidogo: Kambale kwetu, Bwambale kwao, Kasereka kwetu, Masereka kwao, Kakule na Kule. Majina ya wasichana yanakaribiana zaidi: Masika alikuwa katika timu zote mbili, na Kabugho vilevile. Karani akaamua kuandika namba za mgongoni tu. Mabinti wakaanza kuulizana wao kwa wao kwa lugha ya nyumbani, nani ni wa ngapi kwa mama yake, na baada ya robo saa sikuweza tena kuwatenga.

Hapo nilifikiri neno la mataifa. Tuliambiwa mashindano ni ya kimataifa, na kweli bendera zilikuwa tatu, maana ilikuwako na timu ya Kenya. Lakini wageni wetu wa kweli walikuwa Wakenya. Na wale wa Kasese, tuliotenganishwa nao kwa mstari ambao Wazungu waliuchora, walikuwa jamaa waliosoma kwa Kiingereza, nasi tuliosoma kwa Kifaransa.

Mwamuzi alisema Kiingereza tu. Nilikuwa na hofu juu ya jambo hilo, lakini halikutusumbua, kwa sababu waamuzi wa mpira wa wavu husema kwa mikono. Akinyosha mkono upande mmoja, upande huo ndio utakaoanzisha mpira. Akiinua vidole vinne, timu imeugusa mara nne. Akisimamisha kiganja kimoja na kupitisha kingine juu ya ncha za vidole vyake, maana yake mpira umemgusa mchezaji kabla ya kutoka nje. Alama hizi ni moja ulimwenguni kote. Mama mwalimu huwafundisha mabinti alama zote kwa kuwafanya waamuzi wao kwa wao uwanjani Butembo, kila mmoja kwa zamu.

Mchezo wa kwanza tulicheza na Wakenya, nao walitushinda 25 kwa 11 na 25 kwa 14. Sina mengi ya kusema. Nchi ya Kenya imecheza mpira wa wavu wa wanawake katika Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Binti wa kule huanza akiwaona dada zake katika televisheni. Wetu waliwatazama namna walivyosimama, namna walivyosemezana kila mara kabla ya mpira kuanzishwa, nao wakajifunza zaidi katika saa hiyo kuliko katika muhula mzima. Joto nalo liliwasumbua. Butembo tumezoea baridi ya mita 1,700 na zaidi. Kasese ni bondeni, na jua lake halimwonei mtu huruma.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na sombe, kama kwetu. Saa tisa wakaingia uwanjani na timu ya Kasese.

Seti ya kwanza tulipata sisi, 25 kwa 22. Ya pili wakapata wao, 25 kwa 20. Katika hiyo ya pili lilionekana pengo la yule binti mrefu aliyebaki nyumbani: kila mpira uliopigwa katikati ya wavu ulipita, kwa kuwa mikono ya kuuzuia haikufika. Nahodha, ambaye si mrefu, aliruka pale mara nyingi kuliko ilivyo kazi yake.

Seti ya tatu ikafika 13 kwa 13. Watu wa Kasese walikuwa wamesimama wote. Wenyeji wakaupiga mpira kwa nguvu. Nahodha wetu akaruka kuuzuia. Mpira ukapita juu ya mikono yake, ukaanguka nje, nyuma ya mstari. Mwamuzi akanyosha mkono upande wetu. Alama ni yetu, 14 kwa 13, na imebaki moja tu. Wenzake walimrukia kwa furaha.

Naye akajitoa katika mikono yao, akageuka kumwelekea mwamuzi, akasimamisha kiganja kimoja, akapitisha kingine juu ya ncha za vidole vyake.

Sikuuona mpira ukimgusa. Mama mwalimu hakuuona. Mwamuzi hakuuona, wala washika bendera wa mstari. Kama ulimgusa, ulimgusa kwa kucha. Mwamuzi akamtazama kitambo, akauliza kwa ishara ile ile, naye akairudia. Ndipo alipougeuza mkono upande wa Kasese, ikawa 14 kwao na 13 kwetu. Mpira uliofuata tuliupoteza, na mchezo ukaisha.

Mtanisamehe nikisema wazi kwamba moyo wangu wa kwanza ulikuwa wa hasira. Wa mabinti wengine ulikuwa hivyo pia, tena wao hawakuuficha. Walipopeana mikono chini ya wavu, jinsi kanuni ya mchezo inavyotaka, wale wa Kasese walimshika nahodha wetu kwa mikono miwili. Wa kwetu watatu hawakumtazama usoni. Jioni tulipokuwa tukila, mmoja akasema neno ambalo wote tulilisikia: "Butembo tungeshinda. Wakimbizi hawana cha kupoteza." Nahodha akaweka kijiko chini, akajibu kwa sauti ya chini, "Kwetu Oicha tumepoteza vingi. Lakini mpira ulinigusa." Hakuongeza.

Mama mwalimu hakuwapa mafundisho usiku ule, na naona alifanya vema. Mtu aliyeshindwa huhitaji kulala kwanza. Asubuhi, garini, aliwauliza jambo moja tu: je, kama mpira ungemgusa binti wa Kasese, naye akanyamaza, ninyi mngesema nini? Wakaanza kubishana, na ubishi ukawashika hata mpakani. Yule aliyesema neno baya ndiye aliyebisha zaidi. Lakini tulipokaribia Lubiriha alikuwa amehamia kiti cha karibu na nahodha, wakiendelea kubisha pamoja.

Sasa nilisemee lile swali lenu. Watoto wetu wamekua katika nchi ambamo mtu anaua usiku, na asubuhi hakuna anayejua jina lake. Shamba lanyang'anywa, na mwenye haki hapati wa kumsikiliza. Ni wapi walipopata kuona sheria moja ikiwashika wote sawasawa, mwenyeji na mgeni, na aliyekosa akikubali? Mimi mwenyewe nimeona mara chache. Jumamosi ile waliona saa nzima, na mmoja wao aliitimiza kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wengi, pasipo kulazimishwa, kwa hasara ya watu wake. Silinganishi jambo hilo na hatari ya njia, maana sina mizani ya kupimia. Nasema tu kwamba ni kitu, na kwamba darasani sikuwahi kuwapa kitu cha namna hiyo kwa chaki.

Wako wasiokubaliana nami. Mama mmoja wa Butembo, ambaye binti yake alicheza, aliniambia sokoni kwamba uaminifu ni mwema, lakini mwamuzi ana macho yake na mshahara wake, na si kazi ya mtoto kumfanyia kazi. Wengi walicheka pale. Nilimjibu kwamba mwamuzi yule hakuwa na mshahara. Akasema, "Basi ndiyo maana hakuona." Sikushinda ubishi ule.

Na yule baba wa dukani alikuja shuleni wiki iliyofuata. Alikuwa amesikia habari yote, maana Butembo habari haihitaji redio. Alitaka aonyeshwe nahodha ni yupi, akamtazama kwa mbali akikimbia uwanjani na wenzake, wala hakumwita. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba binti yake angaliweza kuzuia mipira ile ya katikati. Nikamwambia, baadhi yake, ndiyo. Akanyamaza. Akasema, "Wakija wao huku, atacheza. Kwenda huko, bado."

Wale wa Kasese wanataka kuja. Barua yao imefika, imeandikwa kwa Kiingereza upande mmoja na kwa lugha yetu upande wa pili. Mkuu wa shule amejibu kwamba tunawakaribisha. Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu, hauna saruji, na mvua ikinyesha hauchezeki. Nguzo moja ya wavu imeoza chini, na seremala amekwisha kuahidi nyingine. Wavu wenyewe mabinti wanaushona tena kwa kamba za katani kila Jumatano baada ya masomo. Tarehe haijawekwa. Itategemea likizo za shule za nchi zote mbili, ambazo hazilingani, na habari za njia ya Kasindi wiki ile.